Bungua Kwenye Nguzo ya Baba

Nilipokuwa mtoto wa kufukuza ndege kwenye mtama, kule kwetu juu ya Malakisi ukielekea Lwakhakha, hukuhitaji kuuliza kama mwenye nyumba yuko hai. Uliinua macho tu ukatazama paa. Nyumba zetu zilikuwa za msonge, udongo na nyasi, na nguzo ya katikati ilitoka sakafuni, ikapenya nyasi na kuchomoza nje pale juu kabisa, kiasi cha mkono wa mtu mzima. Hiyo ncha ndiyo iliyosema. Ikiwapo, mwenye nyumba anapumua. Akifa, wanaume wa ukoo walipanda wakaivunja, na tangu siku hiyo hata mpita njia alijua kwamba humo ndani mna mjane.

Wajukuu wangu hapa Kiminini, waliozaliwa chini ya mabati, hunicheka nikiwaeleza. "Sasa kama upepo ukiangusha hiyo kitu?" wananiuliza. Swali zuri sana. Ndilo swali lililomkondesha mama yangu mpaka shanga zikawa zinamvuka kiunoni.

Baba yangu, Wekesa, alijenga ile nyumba kwa haraka. Chifu alikuwa amekwisha kumwambia ajitayarishe kwenda vitani, vile vita vikubwa vya Wazungu vilivyofika hadi Bama, yaani Burma, naye hakutaka kumwacha mke mchanga na mtoto katika kibanda cha ujana. Akaenda akakata mti, akaurudisha begani, akausimamisha na maganda yake. Mama yake, ambaye sisi tulimwita Kukhu, yaani bibi, alisimama pale akatikisa kichwa.

Kukhu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alijua miti. Kwake yeye nguzo ya nyumba hukatwa mwezi ukiwa unapungua, ikamenywa maganda, ikazamishwa kwenye tope la kinamasi mpaka inuke, ndipo itolewe na kukaushwa kivulini. Mti uliofanyiwa hivyo bungua, yule mdudu wa kutoboa mbao, akiuonja anatema.

"Huu bado mtamu, mwanangu," alimwambia baba. "Bungua watakuja kuula. Na nguzo ya nyumba ni mwenye nyumba. Wakiila, watakuwa wanamla nani?"

"Mayi, nikirudi nitaweka nyingine," baba akasema, akicheka. Mayi ni mama kwetu. Wiki hiyo hiyo alipanda treni Bungoma pamoja na wenzake, akaenda.

Kwa muda mrefu hapakuwa na habari yoyote, si ya kheri wala ya shari. Halafu asubuhi moja mama akakuta unga umemwagika juu ya kifuniko cha mtungi wa maji. Unga laini, wa manjano. Alinishika sikio akanifinya vizuri, ati nimechezea unga wa mahindi ilhali watu wanahesabu vijiko. Nililia sana, maana sikuwa nimegusa kitu. Kesho yake ukawa pale tena, na kesho kutwa. Mama akafuata kwa macho ulikotoka, na juu ya mtungi kulikuwa na nguzo ya baba, imetobolewa matundu madogo madogo, kila tundu linapumua vumbi.

Alimwita Kukhu. Kukhu alichota ule unga kwa kidole, akaunusa, kisha akaketi palepale sakafuni bila kutafuta kigoda. Hapo nami nikaogopa. Sikuwahi kumwona Kukhu akikaa chini bila kutandika kitu.

"Wameanza," alisema.

Lazima nieleze vizuri taabu ile ilivyokuwa, kwa sababu leo mtu angesema, si mwite fundi abadilishe nguzo, kwisha. Nguzo haikung'olewa mwenyewe akiwa hai. Mwanamume mwingine akipanda paa la mwenzake na kushika ile ncha, amejitangaza kuwa mume wa nyumba ile, na mke wa humo ni wake. Na mwanamke hapandi paa kabisa. Mwanamke akipanda paa la mwanamume aliye hai, mmoja kati ya hao wawili hataonja mavuno yanayofuata. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sikumjua mtu yeyote aliyefanya mzaha na jambo hilo, hata wasomaji wa misheni.

Na mtu wa kupanda alikuwapo. Barasa, binamu ya baba, alikuwa amefiwa na mkewe, na boma lake lilikuwa ng'ambo ya ua wetu. Sitaki mtu amchukie Barasa. Alikuwa mtu mpole, alitukamulia maziwa ng'ombe wetu alipokauka. Lakini alikuwa na macho, na mama alikuwa mzuri.

"Shemeji," alimwambia siku moja, akiwa amesimama nje kwa heshima, "nasikia nguzo inasumbua. Si nipande tu niwatazamie?"

"Asante, shemeji," mama alisema. "Mwenyewe atatazama akirudi."

Barasa akaangalia miguu yake. "Ndiyo. Akirudi," akasema, akaenda zake.

Basi wanawake wawili wakaamua kupigana na bungua kutoka ndani, kutoka chini, bila kung'oa na bila kupanda. Kukhu aliteremka sokoni Malakisi akarudi na tumbaku kali, ile ya kukohoza watu kabla hata haijawashwa. Akaichemsha chunguni pamoja na jivu na pilipili, mpaka tukawa tunalia machozi nyumba nzima. Maji yake yalikuwa meusi. Mama alichovya unyoya wa kuku, akauingiza katika tundu moja baada ya jingine, na nyuma yake Kukhu alikuwa anaziba kwa nta ya nyuki aliyoilainisha kwa vidole. Baada ya hapo waliwasha moshi wa majani mabichi chini ya nguzo, mlango umefungwa, na sisi tukatoka kukaa uani.

Mimi nilipewa kazi ya sikio. Watoto husikia vitu vidogo, Kukhu alisema, masikio ya wakubwa yamejaa maneno. Kila asubuhi nilikumbatia nguzo, nikabandika sikio, nikasikiliza. Na kweli, ukitulia, uliwasikia. Krr, krr, krr. Mtu anasaga wimbi mbali sana.

Kukhu naye hakuingia bila kuisalimu. Alisimama mbele ya nguzo, akaigusa. "Mulembe, Wekesa. Umeamkaje huko?" Kisha ananigeukia mimi. "Nanjala, anasemaje?"

"Kwenye goti kumenyamaza, Kukhu. Hapa tumboni bado wanasaga."

"Tumboni!" Anapiga makofi ya masikitiko. "Mama Nanjala, lete dawa. Mtoto anaumwa tumbo."

Mama mwanzoni hakupenda. Alikuwa amebatizwa, alijua kusoma kidogo, na kuzungumza na mti aliona ni mambo ya giza. Alitia dawa huku amefunga mdomo. Lakini siku zilivyokwenda bila habari yoyote, nilimkuta zaidi ya mara moja ameweka kiganja kwenye nguzo, amefumba macho, anamwambia Mungu wake maneno ambayo hakutaka nisikie. Nilirudi nje taratibu. Nadhani ndipo nilipoanza kujua kwamba mama alimpenda baba. Kwetu watu hawakusemezana mambo hayo mbele ya watoto.

Dawa ilifanya kazi, tena vizuri mno. Goti likanyamaza, tumbo likanyamaza, nikaanza kusikia sauti kifuani tu, halafu shingoni, mpaka ikabidi nipande juu ya kinu ili nizifikie. Tulifurahi. Asubuhi moja, mama akiwa amenibeba mabegani, sikio langu likiwa juu kadiri lilivyoweza kufika, sikusikia kitu.

"Wamekufa!" nikapiga kelele. "Mayi, wamekufa wote!"

Mama alinizungusha hivyo hivyo mabegani, tukacheka kama wehu. Kukhu hakucheka. Alikuwa anatazama juu, pale nguzo inapoingia kwenye giza la nyasi.

"Mimi sijaona maiti hata moja," alisema. "Wameenda wapi?"

Tulitoka nje. Juu ya paa, kwenye ncha ya baba, palikuwa na kigogota, yule ndege wa kutoboa miti, amejishikiza kwa kucha anagonga. Anagonga, anatoa mdudu, anameza. Tulisimama watatu tunamtazama akila. Moshi wetu na tumbaku yetu vilikuwa vimewafukuza bungua kutoka mahali tulipoweza kufika, vikawapeleka mahali pekee ambapo hakuna mkono ulioruhusiwa kugusa. Leo nikikaa na akili zangu najiuliza kama walipanda kweli, au kulikuwa na wengine huko juu tangu mwanzo. Siku ile hatukujiuliza. Mama alienda akakaa nyuma ya ghala peke yake.

Kazi yangu ikabadilika. Sasa nilikuwa mlinzi wa kigogota. Mawe yalikatazwa, maana jiwe likikosa ndege litapiga ncha, kwa hiyo nilipewa debe bovu na kijiti. Kutwa nzima nilipiga debe. Majirani wote walijua kwa nini napiga debe, na hakuna aliyelalamika, hata watu wenye watoto wachanga.

Mvua ndefu zilipoanza, ile ncha ilikuwa imekuwa kama sega la asali. Tulijua tunangoja tu. Na siku yenyewe ilikuja mchana, watu wakiwa wametoka shambani. Kulinyesha mvua ya mawe na upepo kutoka mlimani, tukajifungia ndani, na ilipopungua mama akafungua mlango atazame kuku. Ncha ya baba ilikuwa uani, imelala kwenye matope, imevunjika vipande viwili.

Mama alifungua mdomo. Nilimwona anavuta pumzi kwa ajili ya lile yowe ambalo kila mwanamke wa kwetu alilijua. Lile yowe likitoka, haliwezi kurudishwa. Majirani wanalipokea, boma la pili linalipokea, jioni nywele zinanyolewa, na mtu amezikwa, awe yuko Bama au yuko wapi.

Kukhu alimrukia. Alikuwa mfupi, nimesema, lakini alimfikia mdomo, akauziba kwa kiganja.

"Usilie," alimwambia. "Ukilia umemzika. Hujamwona amekufa, nami sijamwona. Meza."

Mama akameza.

"Nanjala. Okota hicho kitu, tia motoni. Vipande vyote."

Nilivikusanya. Vilikuwa vyepesi kama maganda ya mahindi, na vilipoingia motoni vilishika haraka sana, na humo ndani bungua wakawa wanapasuka, pah, pah. Nilipotoka nje Kukhu alikuwa ameegemeza ngazi ya ghala kwenye paa letu. Alikuwa amejifunga shuka kiunoni, kambaa za mgomba meno­ni, na mkononi ameshika jembe la mama. Akalipiga jembe kwenye jiwe mpaka chuma kikatoka. Akabaki na mpini. Baba ndiye aliyeuchonga ule mpini alipomwoa mama, mti mgumu, umelowekwa kinamasini kama inavyotakiwa, umeng'aa kwa jasho la mikono. Hakukuwa na mdudu aliyewahi kuugusa.

"Mayi, hapana," mama alisema. "Unajua wanavyosema. Mmoja wenu…"

"Najua."

"Basi nipande mimi."

"Wewe una mtoto wa kulea. Shika ngazi."

Akapanda. Nyasi zilikuwa zimelowa, zinateleza, na mawe ya barafu yalikuwa bado yamekaa kwenye mikunjo ya paa. Alikwenda kwa magoti na viwiko. Mama alishika ngazi huku anasali kwa sauti. Mimi nilisimama nimejitwika mikono kichwani, nikakemewa na Kukhu kutoka huko juu: "Toa mikono kichwani! Kwani kuna msiba?"

Alikuwa amefika kileleni, anachokora nyasi kutafuta kisiki cha nguzo, tuliposikia watu. Nadhani Barasa alikuwa ameona kutoka kwake kwamba paa letu limebaki bila ncha. Alikuja mbio, nyuma yake wazee wawili wa ukoo waliokuwa wamejikinga mvua nyumbani mwake. Waliingia uani wakainua macho.

Sasa, kwetu mwanamume akitazama juu na mama yake yuko juu yake, tena ana shuka moja tu na upepo unavuma, hiyo ni laana ya ukoo mzima. Hakuna dawa yake. Na Kukhu alikuwa mama yao, Barasa alikuwa amenyonya kwake mama yake alipougua, na wale wazee walimwita mama kwa heshima. Barasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona.

"Geukeni!" alipiga kelele. "Wazee, geukeni!"

Wakageuka wote watatu. Walisimama wametupa mgongo, wanatazama migomba, mmoja amejifunika kofia usoni kabisa ili awe na hakika.

"Mayi!" Barasa aliita, akiiambia migomba. "Teremka! Mwanamke hapandi paa la mwanamume aliye hai!"

"Kwa hiyo umekubali yuko hai?" Kukhu akauliza kutoka juu.

Barasa alizidi kuitazama migomba. Nilimwona masikio yake yakitikisika.

"Tuliambiwa ncha imeanguka," mzee mmoja alisema, naye anaitazama migomba. "Kama imeanguka kuna taratibu zake."

"Nani aliiona ikiwa imeanguka? Wewe uliiona?"

"Mimi nimefika hapa nikageuka."

"Basi ngoja nishuke, ndipo utazame."

Nilikuwa nikisikia anavyogongomea kwa jiwe, taratibu, halafu anavyofunga kambaa, anavyopumua. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa. Alipokwisha alishuka kwa matako, mama akampokea miguu, akamwekea magoti yake akanyage. Kukhu alijifunga shuka lake vizuri, akajipangusa matope usoni.

"Sasa tazameni," alisema.

Wale wanaume wakageuka. Juu ya nyumba ya baba palikuwa na ncha. Imepinda kidogo upande wa Lwakhakha, na ukiwa karibu uliona wazi kwamba ni mpini wa jembe, lakini ilikuwa ncha, imesimama. Yule mzee aliyejifunika kofia aliitazama. Kisha akamtazama Barasa.

"Mimi naona nyumba ina mwenyewe," alisema.

"Hata mimi," akasema Barasa. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nimemfikiria sana Barasa katika maisha yangu. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake wageuke, na alisema haraka sana.

Msimu ule mama na Kukhu walilima kwa jembe moja, lile dogo la Kukhu, wakipokezana. Na Kukhu akaanza kujitayarisha kufa. Hakufanya siri. Yeye alipanda paa, mwanawe bado hai, mmoja hataonja mavuno, na alikuwa amekwisha kuchagua nani. Akawagawia wanawake vyungu vyake. Akamwonyesha mama mahali anapotaka kulazwa, karibu na migomba, kichwa upande wa mlima. Mimi alinipa kuku wake mwekundu, mwenye mayai, na akaniusia nisimuuze. Mama alikuwa analia akimenya viazi. Alimpikia Kukhu uji wa wimbi kila jioni, akamkanda miguu, akakataa asiinue hata kibuyu, na Kukhu akawa anagomba kwamba anazikwa kabla ya wakati.

Mahindi yakakomaa. Kukhu alikaa mbele ya hindi la kwanza lililochomwa, akalitazama kwa chuki, kisha akalila. Alilila lote. Mchana kutwa tulimtazama, na kesho yake akaamka, akaenda kuteka maji.

Siku chache baadaye aliniita. "Nanjala. Nirudishie kuku wangu."

Nilimrudishia, na vifaranga.

Baba alikuja wakati wa kiangazi, mchana. Mwanamume mwenye koti refu la kijeshi, sanduku la mbao kichwani, amekonda, amekuwa na mvi. Mimi sikumjua, nilikimbilia nyuma ya ghala. Alisimama katikati ya uani, akaweka sanduku chini, akainua macho.

"Nani ameweka mpini wa jembe juu ya nyumba yangu?" aliuliza.

Kukhu alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinuka. "Ulitaka tuweke nini?" alimjibu. "Uliweka mti mtamu." Halafu akamgeukia mama aliyekuwa amesimama mlangoni, amejishika ukuta. "Haya, mwanangu. Sasa lia."

Na mama akalia, yowe lote alilolimeza. Watu walitoka mabomani wakija mbio wakidhani ni msiba, wakamkuta baba. Barasa alimwinua baba kutoka ardhini, akambeba kama mtoto.

Baba alipopata nguvu alikata nguzo mpya, mwezi ukipungua. Alinichukua kinamasini siku ya kuizamisha, na tulipokuwa tunairundikia tope, yeye na mimi tumelowa mpaka kifuani, ndipo alipoanza kuzungumza. Alisema walishuka treni Bungoma wawili, yeye na mwenzake wa upande wa Sirisia, mtu waliyelala naye shimo moja huko Bama. Walitembea pamoja hadi kwenye mgongo wa kilima unaotazama boma la yule mwenzake. Wote waliotoka vitani walifanya hivyo, alisema. Walisimama mbali wakatazama kwanza.

Paa la mwenzake lilikuwa tupu.

"Akakaa juu ya sanduku lake," baba alisema. "Nikamwambia, twende tukaulize. Akasema, niulize nini, nimekwisha kuzikwa. Mtu aliyeliliwa akiingia uani, watoto wake mwenyewe wanamkimbia. Akasema anaenda Kitale, kutafuta kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Atanisubiri Malakisi, kwenye duka la Mhindi, mpaka lori la jioni. Nikikuta kwangu vile vile, twende wote."

"Na ungeenda?" nilimuuliza.

"Ningeenda. Nilipofika kilimani hapo kwetu nilishindwa kufungua macho. Nikasimama tu nimefumba. Nilipofungua nikaona kitu kimepinda. Nikasema, hii si ncha niliyoweka mimi. Nikatazama tena, nikaona ni mpini. Nanjala, hakuna mtu anayemwekea maiti mpini. Nikajua mmenikatalia nisife."

Katika furaha ile ya kufika alimsahau mwenzake. Alipokumbuka, asubuhi yake, alikimbia hadi Malakisi, lori lilikuwa limekwenda. Basi akaenda hadi boma la yule mtu, aulize. Alimkuta mkewe anapalilia, na kichwa chake kina nywele zote. Hakuna aliyemlilia mumewe. Ncha ilikuwa imeliwa na bungua, ikaanguka mvua ileile au nyingine, na pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kuirudisha. Yule mama alikuwa akingoja tu. Baba alipomwambia kwamba mumewe alisimama kilimani kisha akageuka, alikaa chini kwenye mtaro wa mahindi.

Baba alikwenda Kitale, shamba hadi shamba, akiuliza kwa wafanyakazi, akiacha ujumbe ule ule kila mahali: mwambieni akatazame paa lake tena. Lakini paa lilikuwa bado tupu. Baba hakuweza kupanda, angekuwa amemwoa yule mke. Alikuja kulieleza hilo jambo mbele yetu wote, tukila, akiwa hajui la kufanya.

Kukhu alimaliza chakula chake, akanawa. Asubuhi alijifunga shuka lake, akachukua mpini wa jembe lake mwenyewe, akaondoka kwa miguu kwenda Sirisia, na mama akaenda naye kushika ngazi. "Alilala shimo moja na mwanangu," alisema, "basi ni mwanangu."

Yule mtu alirudi. Haikuwa mwaka ule, lakini alirudi, na alizaa watoto wengine wawili katika nyumba ile.

Wajukuu wangu husikiliza habari hii mpaka mwisho, na mara nyingi humsifu Kukhu kwamba alikuwa mjanja, mama wa kisasa, hakuamini mambo ya kishirikina. Huwa nawakatiza. Kukhu aliamini yote. Aliamini kwamba bungua walikuwa wanamla mwanawe, na aliamini kwamba mwanamke anayepanda paa ananunua kifo. Alipona mara ya kwanza kwa bahati, ndivyo alivyoona yeye, na hakudhani bahati inakuja mara mbili. Kabla ya kuondoka kwenda Sirisia, mimi nikiwa bado nimelala, alimfunga kamba mguuni yule kuku mwekundu, akamwacha kando ya kitanda changu.